Shuka la Chumba Namba Tatu

Mama Mashuka alikuwa na gesti ya vyumba sita kando ya barabara kuu, pale inapochepuka njia ya kwenda bwawani. Jina hilo hakupewa bure. Mashuka yake yalikuwa meupe pe, yamepigwa pasi mpaka kwenye pindo, na kila mlango ulikuwa na tangazo kwa ndani: ATAKAYECHAFUA SHUKA ATALIFUA. Madereva wa malori walilicheka, lakini walinawa miguu kabla ya kupanda kitandani.

Mwaka huo mdogo wake wa tumbo moja alifungua biashara ng'ambo ya barabara. Biashara gani? Uwanja! Uzio wa mabati, choo, bafu la maji moto na mlinzi. Unaingia na gari lako, unalala humo humo, asubuhi unakwenda zako. Bei haikufika hata nusu ya chumba.

"Mtu na akili zake alipe ili alale kwenye gari lake mwenyewe?" Mama Mashuka alimwambia muuza duka. "Mdogo wangu amepata wendawazimu wenzake."

Wendawazimu hao wakaongezeka kila wiki. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila gari lililokata kona kuelekea kule aliliona limeibwa mlangoni kwake. Akawa anafagia baraza mara nne kwa siku, na macho hayakuwa kwenye ufagio.

Alijipa moyo kwa jambo moja tu: Mwalimu hatakwenda. Mwalimu alikuwa mstaafu, amefiwa na mke kama yeye alivyofiwa na mume, na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi alikuja na fimbo zake za kuvulia. Miaka tisa, chumba namba tatu. Akishaondoka kwenda bwawani, Mama Mashuka aliingia kufanya usafi akakuta kitanda kimetandikwa, shuka halina hata kunyanzi. Mwanamume anayetandika hivyo! Alikaa kidogo kwenye ukingo wa kitanda hicho, akiwaza mambo ambayo mwanamke wa umri wake hayasemi hadharani. Mdogo wake alikuwa na mume, watoto wanne na meno mazuri. Yeye alikuwa na Mwalimu, siku moja kwa mwezi.

Ijumaa hiyo, saa kumi alasiri, gari la Mwalimu likatokea. Taa ya kushoto iliwaka, upande wa gesti. Mama Mashuka akavua aproni haraka haraka. Kisha taa ile ikazimika, ikawaka ya kulia.

Kulipokucha alichukua beseni la mdogo wake, ambalo hakuna aliyelidai, akavuka barabara kulirudisha. Mwalimu alikuwa ameketi nyuma ya gari lake, mlango wazi, juu ya godoro kuukuu. Suruali ilikuwa na matope mpaka magotini na kopo la chambo lilikuwa kando ya mto wa kulalia.

"Kumbe uko huku," alisema Mama Mashuka. "Nimekukosea nini, Mwalimu?"

"Hujanikosea kitu, mama. Mimi mtu wa matope na minyoo. Mashuka yako nayaogopa."

"Miaka tisa hukuyaogopa, umeanza jana?"

"Nimeyaogopa tangu siku ya kwanza! Kwako nilikuwa natandika koti langu la mvua sakafuni. Sasa mgongo umezeeka, hautaki tena."

"Na kitanda?"

"Kitanda sijawahi kukigusa."

Mdogo mtu akaja na birika, anacheka. "Dada, karibu chai! Huyu mgeni wangu jana kakoroma mpaka mlinzi kahamia getini."

Mgeni wangu! Mama Mashuka aliweka beseni chini, akasema ana kazi.

Aliingia namba tatu akabandua tangazo mlangoni, likachanika vipande viwili. Kitanda kilikuwa kimetandikwa tangu jana mchana, kinangoja. Mikono ikaanza kulitandua shuka kwa mazoea, kisha ikasimama. Kila mwezi kwa miaka tisa, kabla ya kulitia majini, alilileta shuka hili puani na kufumba macho. Akalileta tena. Lilinukia sabuni yake mwenyewe, kama siku zote.