Marahaba ya Muuza Mahamri

Muuza mahamri wetu wa Junda ameletewa simu mpya na bintiye Hanan, aliyeko Doha kikazi, na tangu hapo hana raha. Ile simu yake ya zamani, mulika mwizi ya vibonyezo, aliibonyeza bila kuitazama, huku anageuza mahamri. Hii haikijui kidole chenye mafuta. Hukifuta kwenye leso, akaibinya kama anayekanda unga, kamera ikafunguka akajiona mwenyewe. "Wallahi ina kiburi," huniambia. "Lakini sauti ya mtoto yatoka kama yuko hapa jikoni."

Jana Hanan alinipigia mimi jirani, akilia. "Mama amenikasirikia? Kila siku namtumia sauti, hanijibu."

Nikaenda kumuuliza.

"Mimi? Simjibu?" Akaigusa simu.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya Hanan.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia simu, akatulia akingoja kuulizwa hali.

Nikamweleza kwamba jibu hurekodiwa, kisha hutumwa. Alivyofanya, Hanan hasikii kitu. Alinikodolea macho, kidole kikateleza tena kiooni.

"Shikamoo, mama."

"Hebu nyamaza wewe," akanikatiza, "mtoto ameniamkia. Marahaba, mwanangu."