Siku Fundi Alipokalia Kiti cha Binti Yake

Mimi sina subira, na nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunisuta. Ndiyo maana nikapewa kazi ya mwalimu wa nidhamu, na ndiyo maana wanafunzi wananiita Radi. Jirani yangu wa ofisi ni mshauri wa wanafunzi, na huyo wanamwita Bi Viti. Tumetenganishwa na kabati la vitabu tu, kabati lisilofika hata darini, kwa hiyo mambo ya upande wa pili nayasikia nitake nisitake. Nayatunza, msiwe na wasiwasi. Hili nimeruhusiwa kulisimulia, tena na wenyewe, na tangu wanipe ruhusa ulimi umekuwa ukiniwasha!

Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na mpaka leo kinanuka ngozi ya mipira. Kina dirisha moja, meza ndogo, na viti viwili vinavyotazamana, na viti hivyo ndivyo kazi yake yote. Ukienda kwake kumshtaki mtu, hukai kiti chako. Unakaa kiti cha yule unayemshtaki, unasema "mimi" badala yake, na maswali unayajibu kama yeye. Mtoto anakuwa mama yake. Mwalimu anakuwa mwanafunzi aliyemzomea. Mimi mwenyewe nimeshakalishwa pale nikawa mkuu wa shule, nikatoka nimekasirika kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwonea huruma.

Kuna neno moja amelipiga marufuku: "nakuelewa." Anasema mtu akishalitamka hilo, masikio yake yamefunga duka. Siku moja nikamwambia, "Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Akanijibu, "Kila mtu anaijua hiyo, dada yangu. Lakini nani anakubali kukilalia?"

Alizaliwa katikati ya dada wawili walionuniana utoto wao wote, na kazi yake ilikuwa kubeba maneno kutoka chumba hiki kwenda kile. "Mwambie huyo anirudishie kitana changu." Anasema aligundua kwamba akiyafikisha kwa sauti ya mwenyewe, yanapokewa, akiyafikisha kwa sauti yake, anachapwa yeye. Alifundisha jiografia kabla ya kwenda kusomea ushauri, na mumewe, fundi wa magari, hajapona tangu mkewe arudi kutoka masomoni. "Nyumbani nimeshakuwa mama mkwe wangu mara nyingi mno," mume huyo aliniambia huku akicheka. "Juzi nimejikuta namlaumu mke wangu eti siku hizi hanipigii simu."

Haya, sasa sikilizeni.

Kulikuwa na binti wa kidato cha nne, mpole, msikivu, lakini muhula mzima alikuwa akikosa vipindi vya asubuhi. Anaingia jua limeshapanda, macho mekundu, na ukimuuliza anatazama viatu vyake. Nilimfokea, nikamsihi, nikamfokea tena. Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Kanuni ya shule iko wazi: mtoro hafanyi mtihani wa mwisho. Mkuu wa shule akakata shauri kwamba mzazi aje Ijumaa aeleze sababu, na iwe sababu ya maana, la sivyo kengele ya mchana ikilia jina la binti linaondolewa kwenye watahiniwa. Masomo yake yote yangekwenda na maji.

Ijumaa ikafika, baba hakutokea. Mama alishafariki, kwa hiyo hakukuwa na mwingine wa kumwita. Bi Viti hakukubali kukaa bure. Akamwambia binti, "Baba hajaja? Basi baba ni mimi." Akakaa kiti cha baba, akakunja uso, akapiga meza, pu!

"Wewe mtoto! Unanivua nguo mbele za watu! Huyo mvulana wako ni nani?"

"Hakuna mvulana, baba."

"Usinidanganye! Mimi nahangaika na cherehani mchana kutwa, wewe unazurura!"

Weee! Alikuwa baba kwelikweli. Mimi nyuma ya kabati nimeacha kusahihisha madaftari, nachungulia kwenye upenyo wa vitabu, roho juu. Na hapo hapo mlango ukafunguka, akasimama fundi cherehani mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mdomo wazi.

"Huyo anayepiga meza," akauliza, "ndiye mimi?"

Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mwenzangu. Mtu mwingine angebabaika, angeanza kuomba radhi na kupanga karatasi ambazo hazihitaji kupangwa. Bi Viti? Hata hakuinuka.

"Ndiyo, ni wewe," alisema. "Karibu, mzee wangu. Nimekosea wapi?"

"Kila mahali! Kwanza mimi sipigi meza. Nikikasirika nanyamaza, muulize huyu. Na habari ya mvulana sijaitamka maishani mwangu!"

"Hujaitamka. Lakini umeiwaza."

Fundi akanyamaza, kama alivyosema mwenyewe.

"Basi hiki kiti kimenishinda," Bi Viti akasema, akanyanyuka. "Binti, hamia hapa uwe baba, wewe ndiye unayemjua. Na wewe, baba, kaa pale uwe binti."

"Mimi? Niwe msichana? Mwalimu, nimeacha wateja dukani, sikuja kuigiza!"

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikachomoza kichwa pembeni ya kabati. "Mzee, kengele ikilia, jina la mwanao halipo! Kaa!"

Akakaa. Radi ni radi.

Bi Viti akasimama kati yao, akamtazama fundi, sauti yake imeshuka. "Binti, asubuhi baba yako akitoka kwenda kununua vitambaa, wewe unafanya nini?"

"Nafagia," fundi akajibu kwa kuudhika. "Naosha vyombo. Halafu natoka kwenda shule."

"Shule hufiki. Uko wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Wewe ni binti. Tazama hicho chumba. Nini kiko mbele yako?"

Fundi akafumba macho. "Cherehani ya baba. Nguo alizoshona jana, zimekunjwa juu ya meza."

"Zikoje?"

Nje uwanjani mpira ulikuwa unadunda.

"Zimepinda," akasema taratibu. "Mshono unapanda, unashuka. Nachukua wembe, nafumua. Nashona upya kabla baba hajarudi. Kisha natunga uzi kwenye sindano zote, naziweka tayari, ili baba..." Akafumbua macho, akaanza kusema kwa nafsi yake. "Nilikuwa nazikuta zimetungwa. Nikajiambia nimezitunga mwenyewe jana nikasahau. Nikipapasa mishono naikuta imenyooka, najisifu, nasema mkono wangu bado haujazeeka."

Bi Viti akamgeukia binti. "Na wewe, baba? Una nini cha kumwambia mwanao?"

Binti akaweka viganja juu ya magoti, akainua kidevu, fundi mtupu. "Macho yangu ni mazima," akasema. "Nani kakwambia sioni? Nenda shule, acha maneno."

"Mwongo!" Fundi aliruka mpaka kiti kikaanguka. "Mwongo wewe, baba! Huoni! Tundu la sindano hulioni, na mimi nanyamaza kwa sababu nikikwambia, utajiona si fundi tena!"

Jamani! Nilijiziba mdomo kwa mikono yote. Binti alikuwa akilia kwenye kiti cha baba yake, analia na kuitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Fundi alisimama akihema, anamtazama mwanawe kama ndiyo kwanza wanakutana. Bi Viti aliinua kile kiti kilichoanguka, basi. Ningekuwa mimi ningesema mia.

Miguu yangu haikungoja. Mimi ninayewakataza watoto kukimbia koridoni nilitimka, nikaingia kwa mkuu wa shule bila hodi. "Usiondoe! Usiondoe jina!" Maskini, alikuwa anakunywa chai, ikamwagikia tai. Nyuma yangu wakaingia fundi, binti yake na Bi Viti.

"Sababu ya utoro ni ipi?" mkuu wa shule akamuuliza binti, akijipangusa.

Binti akatazama viatu vyake. "Nilikuwa naumwa..."

"Mheshimiwa," fundi akamkatiza, "mimi ni fundi nisiyeona tundu la sindano. Huyu alikuwa akishona badala yangu ili nisiaibike. Kama kuna jina la kuondoa, ondoa langu kwenye kibao cha dukani kwangu. Lake liache."

Mkuu wa shule akamtazama, akanitazama na mimi, nami nikamkazia yale macho anayoyajua. "Jumatatu asubuhi awe darasani," akasema. "Mtihani atafanya. Na wewe mzee, nenda hospitali ukapimwe macho." Nilipiga kigelegele humo humo ofisini, na hakuna aliyethubutu kuninyamazisha.

Tulipotoka, fundi akasimama mlangoni. "Ile suruali ya karani niliyoimaliza jana," akamuuliza binti yake, "imetokaje?"

Binti akasita. Akamwangalia Bi Viti, halafu baba yake.

"Mguu mmoja mfupi, baba."

"Mfupi sana?"

"Sana."

Fundi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta, na binti naye akacheka, kamasi na machozi pamoja.

"Twende tukaifumue," baba akasema alipopata pumzi. "Lakini leo na mimi nikiwepo."