Nyaya Zilizopungua

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nikusimulie. Mimi nimechoka kubishana na watu. Nimeieleza habari hii msibani, nimeieleza kwenye foleni ya kusaga mahindi, na kila mara hujitokeza mjuaji anayesema moshi uliniingia kichwani. Moshi! Mtu aliyechoma nyama Tunduma tangu enzi za Mwingereza hajui moshi? Niliyaona kwa macho haya haya, asubuhi, nikiwa mzima, tena sijaonja hata tone la pombe.

Miaka ile, baada ya vita vya Hitla, nilikuwa na banda kando ya barabara, pale malori yaendayo Rhodesia yaliposimama kupumzisha injini kabla ya kuvuka mpaka. Mali yangu ilikuwa mbuzi wa Kamsamba na wavu wa chuma niliofuliwa na mhunzi wa Kinyiha. Watu hudhani kazi ngumu ni kuchoma. Wapi! Kazi ni kusugua. Mafuta yakishagandamana na masizi, wavu huwa kama gome la mti. Nilisugua kwa gunzi la mahindi na majivu, kama mama yangu alivyosugua vyungu, na gunzi liliisha kabla sijafika katikati. Mabega yaliniuma hata nikiwa nimelala.

Ndipo tukapata habari kwamba mama mkwe wangu atapita kwetu. Alikuwa anatoka Ndalambo kwenda kwa ndugu zake ng'ambo ya mpaka, alale kwetu, avuke asubuhi. Sasa uelewe, mama yule hakunitaka. Alisema mbele ya wazee kwamba hamtoi binti yake kwa mwanamume asiye na shamba, anayenuka moshi. Wazee ndio waliomshinda. Na kwa mila zetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawasogeleani. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini mpaka apite. Kwa hiyo nisingeweza kujitetea kwa neno lolote. Nyama ndiyo ingenisemea. Nilitaka aipate kutoka kwenye wavu unaong'aa, ili mke wangu asione tena haya kunitaja kwao.

Nikatafuta kitu cha kusugulia. Mhunzi alinipa kipande cha chuma bapa, lakini kilikwangua juu tu, uchafu ukabaki kwenye pembe. Halafu fundi mmoja wa malori akaniletea brashi ya waya, zile za kukwangulia kutu. Ee bwana! Nilisugua kidogo tu, wavu ukatoka mweupe. Karibu nilie kwa furaha ya mabega yangu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mke wangu alinitazama nikisugua mpaka jua likazama.

"Baba Rehema," akasema, "mama haji kula wavu. Anakuja kula nyama."

Nikamcheka.

Asubuhi kulikuwa na ukungu ule wa mwezi wa sita, huoni hata mlango wa jirani. Mama mkwe alikaa nyuma ya nyumba, amejifunika kaniki yake. Nilichoma maini na mbavu, mke wangu akachukua bakuli akampelekea. Nikaketi kwenye gogo, nimechoka hoi. Mara nikasikia mtu anasema, "Mwapoleni mukwai."

Hiyo ni salamu ya Wabemba wa ng'ambo. Alikuwa dereva, amevaa koti refu na kuzungushia shingo kitambaa. Sauti yake ilikwaruza kama tupa juu ya bati. Akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima kama wanavyofanya wao. Niamini mimi, viganja vilikutana, niliviona vinakutana, na hakukuwa na mlio. Hata kidogo. Lakini mgeni ni mgeni, nikamkaribisha nyama.

"Nilishakula," akasema. Akaiokota brashi yangu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mapengo. "Kaka, nyaya zilizopungua hapa ziko wapi?"

Nikaangalia chini ya wavu. Nikaangalia kwenye majivu. Hakuna hata mmoja. Nilipoinua uso alikuwa anafungua kile kitambaa. Koo lilikuwa limevimba, jeusi, na katikati kimechomoza kitu chembamba kinachong'aa.

"Wa kwangu upo hapa," akasema.

Nikapepesa macho, hayupo. Umande kwenye nyasi pale alipochuchumaa ulikuwa haujaguswa.

Ndipo nikakumbuka bakuli. Nimwite mama mkwe? Kwetu mama mkwe haitwi. Nikamwita mke wangu, kumbe ameshuka kuteka maji. Nikafika kwenye kona ya nyumba, nikaona mkono wa yule mama unapanda kwenda kinywani. Nilikimbia, nikamtokea mbele, nikamtazama usoni, nikaupiga mkono wake. Bakuli likaenda matopeni.

Alipiga yowe ambalo bado ninalisikia. Kwetu nilichofanya ni sawa na kumvua nguo. Nikapiga magoti nikiwa nimempa mgongo, nina la kueleza na sina ruhusa ya kulisema. Mke wangu akaja mbio analia, "Umetuua, Baba Rehema! Umetuua!" Akaanza kuokota nyama, maana siku zile nyama haikutupwa. Mara akashtuka, akatazama kidole gumba. Damu. Ndani ya kipande cha ini ulikuwa umejichomeka waya, mfupi kuliko ukucha. Akamwonyesha mama yake.

Mama akavuka mpaka bila kuaga. Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi kwa wazee wa Ndalambo, wakampokea, ila salamu sikurudishiwa. Baadaye nilimweleza dereva mmoja habari ya yule mgeni, koti lake na kitambaa. Akaacha kutafuna. Akasema huyo alikuwa mwenzao, walishamzika ng'ambo kabla ya asubuhi ile. Alikula nyama ya kuchoma njiani, akalalamika kimemchoma kitu kooni, wakadhani ni mfupa.

Brashi niliitumbukiza chooni. Wakati wa mavuno, mtu mwenye baiskeli akatushushia gunia kutoka Ndalambo. Tulidhani mahindi. Mke wangu akalifungua: magunzi. Makavu, manene, yaliyochaguliwa moja moja. Ujumbe, hakuna. Ikawa kila mavuno linakuja gunia, na mimi na yule mama hatukusemezana hata siku moja, kama mila inavyotaka. Mwaka ambao gunia halikuja, mke wangu alianza kulia kabla mjumbe wa msiba hajafika.

Mabega bado yananiuma. Nimezeeka nikisugua, na nitakufa nikisugua. Nyinyi mna haraka, najua, na brashi hizo zimejaa madukani. Sawa. Ila siku ya ukungu akija mtu mwenye kitambaa shingoni, akapiga makofi usiyasikie, usihangaike kumtafutia kiti. Hataki kiti. Kimbia ukaangalie bakuli limekwenda kwa nani.