Barua ya Breki Ambayo Haikuandikwa

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nacheka na kuona haya kwa pamoja. Kaa, Zuhura mwanangu. Hiyo karatasi ya ukaguzi iweke mezani, haitaruka. Tangu jana unazunguka nayo nyumba nzima, kila anayepiga simu anasomewa: gari limekataliwa kwa breki, mkaguzi ana roho mbaya, utakata rufaa. Eish! Ubishi huo sikulaumu, umeutoa kwangu. Ndiyo maana nataka nikwambie mimi ulinifikisha wapi.

Tulikuwa tunaishi Berea, hapa hapa Joburg, chumba kimoja ndani ya fleti ya watu wengi: mimi, mama yako, na wewe wa miezi minane. Nilikuwa nimenunua kigari cheupe kikuukuu, na furaha yangu usiseme. Mama Furaha, fundi cherehani Mkongomani, alikuwa ameniahidi kazi ya kumsambazia nguo mpaka Turffontein, kwa sharti kwamba gari liwe limeandikishwa kwa jina langu. Na jina halibadilishwi mpaka gari lipite ukaguzi. Riziki yetu nzima ilikuwa inangoja cheti hicho.

Sasa sikiliza uhuni wangu. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linavujisha mafuta ya breki. Kule Tanga, kwenye gereji niliyojifunzia kazi, kipuri kikikosekana tulikuwa tunaukunja mrija wa mafuta wa gurudumu hilo, tunaugonga nyundo mpaka unaziba, gari linaondoka na breki tatu. Mteja tunamwambia akatengeneze akifika. Wengi hawakutengeneza, na sisi hatukuuliza. Basi na mimi nikaufanya mchezo huohuo hapa Joburg, nikijiambia ni wa wiki moja tu. Wiki ikawa miezi. Gari likikanyagwa breki linavuta kulia, mkono wangu unarudisha usukani, hata nikasahau kwamba narudisha.

Siku ya ukaguzi, kijana mmoja akaliweka juu ya mashine ya kupimia breki, akasoma, akatikisa kichwa. Limeshindwa. Lo! Nilipiga kelele ukumbi mzima ukageuka. "Linasimama! Panda ujionee mwenyewe, linasimama!" Akanionyesha kipimo cha lile gurudumu la nyuma, sikutaka hata kukitazama. Nikamwambia ananionea kwa sababu mimi mgeni. Watu kwenye foleni wakaniitikia, maana kuonewa kwenyewe kupo, na kila mmoja wetu ameshakuonja. Nikatoka pale najiona shujaa.

Moja kwa moja nikaenda kwa Mzee Kitwana. Alikuwa Mzanzibari, chumba chake kilikuwa mwisho wa korido yetu, na barua zote za wageni pale jengoni aliziandika yeye: za makaratasi ya kuishi, za shule, za kulalamikia maji. Alikuwa na Kiingereza cha kunyooka na kalamu moja ya wino ambayo hamwazimi mtu. Mama yako alikuwepo, amekuja kumpelekea uji, wewe ukiwa mkononi mwake. Nikamwaga malalamiko yangu yote. Mzee akafungua kalamu.

"Niandike gari lina breki magurudumu mangapi?"

"Mzee, linasimama vizuri sana."

"Sikukuuliza kama linasimama." Akaniangalia juu ya miwani. "Haya. Mchukue Zuhura, mweke ndani ya gari. Twende mtaa wa Observatory, tupande mpaka juu, kisha uteremke ule mlima mpaka chini kwenye roboti, zile taa za barabarani. Tukirudi naandika barua mbili, si moja."

Mama yako, ambaye hakujua lolote, akakusogeza kwangu nikupokee. Nawe ukacheka, meno mawili tu mdomoni, ukanishika ndevu. Mwanangu, nilishindwa kukupokea. Wallahi mikono ilikataa. Nikaanza kusema sijui una mafua, sijui nje kuna baridi, na jua lilikuwa linawaka. Mama yako akanitazama usoni, akakurudisha kifuani kwake polepole. Alikuwa ameshaelewa, na mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Mzee Kitwana akafunika kalamu yake. Hakunifokea. Alisema, "Hamisi, watu wetu wanaonewa kweli katika mji huu, na neno hilo ndilo pekee tulilo nalo la kujitetea. Wewe umekwenda kulitumia kufunika mrija uliouziba mwenyewe. Siku atakayeonewa kweli akisimama pale pale kusema, nani atamwamini?" Kisha akanywa uji wake.

Kesho yake nililala chini ya gari mpaka nikatoa ule mrija. Nikaweka mpya, na breki mpya nyuma pande zote mbili. Nikarudi kwa kijana yuleyule, nikamwomba radhi mbele ya foleni. Akapima, akanipa cheti. "Sharp, baba," akasema, yaani safi, akaita gari linalofuata. Mama Furaha akanipa kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyokusomesha.

Sasa wewe. Kama unajua breki zako ni nzima na mkaguzi amekosea, kata rufaa, nitakuja mwenyewe nikubebee faili, na nitabisha kuliko wewe. Lakini ule mlio wa breki za gari lako ukiingia getini nausikia mwezi wa pili sasa. Na leo asubuhi nilikuwa dirishani. Gari liko uani, ufunguo unao mkononi, nawe ukamshika Idi mkono ukampeleka shule kwa miguu, na mvua inanyesha. Usinikunjie uso. Uliyekuwa unamlinda na lile gari ni mwanao, na swali la Mzee Kitwana umeshalijibu bila kuulizwa.

Nasaha yangu ni hiyo tu, mwanangu: kabla hujabishana na watu, tazama kwanza ni nani unaogopa kumpakia. Ukimwona huyo, acha barua, shika spana. Lete gari kesho, magoti yangu mabovu lakini mikono bado.

Mungu akulinde katika kila mteremko, wewe na mwanao, na akujaalie kila unayempenda umpakie bila kusita. Amina. Haya, nenda kamtoe Idi shule. Chukua mwavuli.