Darasa la Mbegu Nyekundu

Tuliokuwepo ni hawa: bwana shamba, ambaye ni mtoto wa dada wa shemeji yangu; mzee wa boma la juu, ambaye ni binamu wa marehemu mume wangu; mkamwana wa mzee huyo, aliyeolewa kutoka Gitting; wanawake wa jumuiya yetu ya Nambis, na mimi, niliyeteuliwa kuendesha darasa kwa sababu nilijua kuongea na watu, si kwa sababu ya shule. Majina yote ninayo. Siyaweki hapa, kwa kuwa wenyewe wana wajukuu.

Tulikuwa bado Mkoa wa Arusha, kabla haujagawanywa. Ushirika ulikuwa umelegea na malori ya wafanyabiashara yanapanda kutoka upande wa Basotu na kila kitu. Msimu ule yalileta ngano ya mbegu iliyopakwa dawa, nyekundu kama udongo wa barabarani, kwa bei ya chini. Njaa ilikuwepo. Watu walinunua.

Bwana shamba alisimama mbele. "Hii ni sumu. Haioshwi ikaisha. Mmeelewa?"

"Ndiyoo!"

Mzee akacheka. "Mwanangu, sisi tumekula nzige tukapona. Rangi ndiyo itatuua?"

Wanaume wakacheka. Wanawake wakaangalia chini. Mimi pia zamani niliuliza hivyohivyo, "Mmeelewa?", nikaitikiwa, nikarudi nyumbani nimeridhika. Lakini siku hiyo ile "ndiyoo" haikuniridhisha. Mkamwana alikuwa ameficha mikono ndani ya shuka, na jua lilikuwa kali.

Kwetu mkamwana hasemi kwenye kikao alipo baba mkwe. Ukimuuliza hapo, unauliza ukuta. Nikawaambia wanawake tukachambue maharage jikoni. Nikawapa ungo, nami nikakaa chini pamoja nao. Sikuuliza wameelewa nini. Niliuliza, "Ninyi mnapikaje?"

Kule nje mzee akaaga. "Wazee wananisubiri nyumbani. Kuna pombe."

Mkamwana akaacha kuchambua. Kucha zake zilikuwa nyekundu.

"Mama," akaniambia polepole, "ikishaoteshwa ikawa kimea, ikaanikwa, ikasagwa, bado ni sumu?"

"Imesagwa wapi?"

"Nyumbani. Ndiyo pombe ya leo."

"Na yeye hajui?"

"Ngano aliinunua mwenyewe, akasema ioshwe tu. Ningemwambiaje, Mama?"

Bwana shamba alikuwa anafunga mfuko wake. Nikamwita, tukapanda kilima pamoja na mkamwana kwenda kwa mzee. Ukungu ulikuwa umeshuka na hatukusikia kelele za wazee, na wazee wakiwa na pombe husikika mpaka bondeni.

Mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone haina kitu. Tulipoingia, wageni walikuwa wameshika vibuyu vyao vimejaa, wanamwangalia. Yeye alikuwa amekaa, kibuyu kiko miguuni, anajifuta mdomo na kuniambia, "Shemeji, mbona unahema?" Kisha akatapika.

Wengine hawakunywa. Yeye aliishi, ila mkono wa kulia ulitetemeka mpaka alipozikwa, na mkamwana ndiye aliyemlisha, bila kumwangalia usoni.

Tangu hapo sikuchanganya wakwe kwenye benchi moja, na kila darasa lilianzia jikoni.

Mimi nakumbuka kibuyu cha mzee kilikuwa na nusu iliyobaki. Mkamwana anasema kilikuwa kitupu. Kama ulikuwepo na uliona vingine, njoo uniambie nikiwa bado nasikia.