Bosi anataka nipeleke isale Kilema kwa kosa la mdogo wake

Admin, nifichie jina na picha, maana wahusika wengine wako humu humu na wanapenda kukomenti.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, naishi Soweto hapa Moshi, nina mtoto wa kike ndio kwanza anaota meno. Shule niliishia kidato cha pili, nikikosea kuandika mnivumilie. Nafanya kazi stationari. Tuko watatu: bosi, tunamwita Mama, mimi, na mdogo wake bosi, ambaye hapa nitamwita Malkia kwa sababu ndivyo anavyojiona.

Kazi zetu zinajirudia: kadi za harusi, mikataba ya kupangisha, barua za kuomba kazi, na zaidi ya zote vitabu vya mazishi. Kwa hiyo kompyuta ina folda ya sampo. Sampo haiguswi. Unatoa kopi, unaipa jina la mteja, unajaza sehemu zenye rangi nyekundu, na nyekundu zikiisha unaprinti. Basi. Kaka aliyetufundisha kabla hajahamia Arusha alitukalisha wote watatu, Malkia akiwepo, anatafuna karanga. Mwanangu akikua nitamwelekeza mara moja ataelewa. Malkia yeye anafungua sampo yenyewe, anafuta kile kilichomgonga macho, anaandika juu yake, anasevu. Nyekundu zote kwisha. Anayefuata ndiye atajua marehemu wa juzi alikuwa nani.

Nikimwambia, "Dada, umeandika tena juu ya sampo," hata macho hainui kwenye simu. "Mama Mtoto, nyonyesha."

Sasa akafariki mzee mmoja wa Kilema, katekista, Mkatoliki hasa, maisha yake yote hakuoa. Mzee huyo ni baba mkubwa wa mchumba wangu, yaani baba wa mtoto wangu. Kwao hawajanipokea rasmi, ila mama yake alikuwa ameshaanza kulainika. Alinitumia ndizi za mtori na maneno: "Mwambie aniletee mjukuu wangu nimwone." Jamani nililia. Nilimnunulia mtoto kofia nyeupe kwa ajili ya siku hiyo.

Siku wafiwa walipoleta kazi nilikuwa kliniki na mtoto. Mama mwenyewe ndiye aliyeniruhusu. Kitabu akaandika Malkia, juu ya kitabu cha mzee mwingine kabisa, wa ukoo mwingine, aliyekuwa na nyumba mbili.

Mazishini nilikaa nyuma kanisani, mtoto mgongoni na kofia yake. Aliyepewa asome wasifu uliomo kwenye kitabu chetu ni kijana wa kutoka Dar, hakumjua marehemu vizuri, akasoma kama kilivyoandikwa: "Marehemu ameacha wajane wawili na watoto tisa." Katekista! Vichwa vikaanza kugeuka kutafuta hao wajane wamekaa wapi. Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe ndiyo maana alikuwa haishi kushuka Chekereni!" Na wengine wakanikazia macho mimi, mgeni mwenye mtoto. Mama mkwe wangu mtarajiwa alijifunika kanga usoni, na sikujua analilia msiba au aibu.

Baada ya mazishi baba wadogo wawili wa mchumba wangu wakaja dukani. Mama, ambaye akigombana na fundi wa printa anasikika mtaa wa pili, siku hiyo akawa laini kama siagi. "Shikamooni wazee. Ni huyu msichana wetu, bado anajifunza." Kidole kikaninyooshea mimi, na mtoto yuko kwenye ziwa. Malkia akainama kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Nikaanza kuhangaika kumtoa mtoto na kujifunika kwanza. Wazee wakasema hawataki kesi, wanataka aliyeandika aje na isale, aseme mbele ya ukoo kwamba ni yeye.

Kwa wasio wa huku: isale ni lile jani refu la kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Ukimpelekea mtu kuomba radhi, hakatai. Ndiyo maana halichezewi.

Walipotoka nikamwambia bosi, "Mama, unajua nilikuwa kliniki."

"Najua. Lakini wewe una mtoto, watakuonea huruma. Huyu mdogo wangu bado hajaolewa, nani atamchukua na sifa hiyo?"

"Na mimi je?"

"Wewe si umeshazaa? Kama huendi, Jumatatu usije."

Nikampigia mchumba wangu. Akasema, "Beba tu yaishe, isale hairudishwi." Mwanaume mzima, ananuka aftasheivu, anaogopa kumwambia mama yake sentensi moja.

Bosi amekata jani kwenye ua wake, limewekwa kwenye glasi ya maji pembeni ya printa. Akamwagiza Malkia anichapie na barua ya radhi, nikaisome huko. Malkia akachukua sampo, mnajua anavyochukua. Barua ninayo hapa. Inaanza vizuri, "Mimi binti yenu nimekosa," na inaisha hivi: "Nina uzoefu wa kutosha katika kazi hii, na niko tayari kwa usaili wakati wowote mtakaponihitaji." Mama ameisoma akasema iko safi, akagonga mhuri wa duka.

Hao ndio wanaosema mimi najifunza.

Safari ni Jumamosi. Kazi hii ndiyo maziwa ya mtoto. Lakini watu wale mwanangu atawaita babu na bibi, na bado naamini ipo siku yule mama atampakata. Sitaki siku ya kwanza ya kunishika mkono iwe ninamdanganya na isale mkononi. Nikisema ukweli pale mbele ya ukoo, nitaonekana nimekwenda kugombana msibani. Nikinyamaza, nitakuwa mkwe aliyemwozesha katekista wake wawili.

Ninyi mlioolewa huku mlimani, hasa kina mama wakwe, nawasikiliza: ningekuwa mkwe wako, ungetaka nifike na lile jani, au nifike na mtoto tu na ukweli wangu?