Shimo Chini ya Tanuru la Wahunzi

Ukungu haujainuka bado. Klementina amesimama hatua chache kutoka kwenye tanuru, ufagio mkononi, na hasogei. Watu wamechimba usiku. Chini ya ukuta kuna shimo la kummeza mtu hadi kiunoni, na udongo mwekundu umetapakaa pale alipofagia jana.

Tanuru hilo ni mnara wa udongo, mrefu kuliko nyumba, katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Matai. Humo wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma wakapata majembe, mpaka majembe ya dukani yalipouzima moto wake. Mengine ya namna hiyo yamemomonyoka yakawa kama vichuguu. Hili limesimama kwa sababu kila kiangazi kuna anayeziba nyufa zake.

Kazi hiyo Klementina aliirithi kwa baba mkwe wake. Ujira wake ni debe la ulezi wakati wa mavuno, kijiji kikikumbuka.

Wachimbaji hutafuta kile wanachokiita mali ya Mjerumani, wakiamini aliifukia hapa. “Mjerumani alilikuta tanuru hapa, hakufukia kitu,” anasema Klementina. “Waliofukia ni wahunzi, nao walifukia dawa zao. Hizo ndizo ninazoziogopa.”

Ana sababu. Zamani, moto ulipowaka, mwanamke hakukanyaga hapa. Mzee Valerian, mdogo wa baba mkwe wake, hajalisahau katazo hilo. Anafika akiegemea fimbo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umetia mkono humo?”

“Bado.”

“Usitie! Radi ya mwaka juzi iliua ng’ombe wa nani? Wangu. Nawe ndipo ulipoanza kufagia hapa.”

“Basi ingia wewe, baba.”

Mzee analitazama shimo. “Magoti yangu haya…”

“Magoti, baba, au moyo?”

Shedrack, dereva wa bodaboda, anapunguza mwendo barabarani. “Mama, ukiipata mali usimsahau mshikaji wako!”

“Njoo uichukue, shimo liko wazi!”

Pikipiki inaondoka kwa kasi, wala kijana hageuki nyuma.

Ngurumo inasikika upande wa Kasanga. Mvua ikijaa shimoni kabla halijazibwa, msingi utalainika na mnara utaanguka. Tayari chembe za udongo zinadondoka ukutani, moja moja, bila upepo.

Klementina anafanya ishara ya msalaba, anashuka. Ukuta wote sasa uko juu ya kichwa chake. Anaposawazisha chini, vidole vinagusa kigae cha chungu, na ndani yake makaa na kitu kilichoviringishwa. Mzee anafumba macho. Klementina anakirudisha kigae kama alivyokikuta, anakifunika kwa udongo.

“Mawe makubwa kwanza,” mzee anasema kwa sauti ndogo. Hasogei karibu, lakini anaanza kuyasukuma kwa fimbo yale yaliyochimbuliwa usiku, moja baada ya jingine, yakibingirika hadi ukingoni.

Matone ya kwanza yanaanguka wakati shimo limeshindiliwa. Mnara umesimama.

“Watarudi,” mzee anasema.

“Najua.” Mvua ikipungua, Klementina atakata miti na kujenga kibanda ubavuni mwa tanuru, ahamie humo yeye na jiko lake. Anatazama juu, kule wingu lilikokutana na udongo.

“Wakirudi, wanikute hapa. Nitakuwa natetemeka, baba, lakini wanikute.”